Minyoo Walioombewa

Mtu wa mwisho niliyetegemea kumuuzia sumu ya mende ni Dada Zainabu. Aliingia dukani kwetu hapa Tunduma mchana, foleni ya malori ikiwa imefika mpaka mlangoni na vumbi limetanda juu ya makopo kiasi kwamba picha za wadudu hazionekani. Alijifunga mtandio wa kijani, simu ikiwa sikioni, anabishana na mtu habari za kontena. Akasema bila kuniangalia, "Naomba ya mende, mdogo wangu, ile kali. Chumba nilichopanga kimenishinda." Nikamwambia, "Dada Zai, wewe wa kuua mdudu kwa sumu?" Simu ikashuka taratibu. Akanitazama, akanitazama tena, halafu akapiga ukelele, "Atupele! Si ulikuwa mwembamba wewe!" Tukashikana mikono juu ya kaunta tukicheka, mpaka Mzambia mmoja aliyekuwa anasubiri dawa ya mahindi akasema, "Bwino, bwino, nimefurahi kwa ajili yenu, lakini basi langu linaondoka." Nilipomaliza kumhudumia, Dada Zai akauliza swali nililojua linakuja. "Na Mama Sara hajambo? Bado anakuita we mtoto?" Nikamwambia Mama Sara tulimzika masika haya. Alikaa juu ya mfuko wa mbolea kwa nguo zake zile nzuri, akaanza kukunja ncha ya mtandio, akaikunja na kuikunjua, na mimi nikajua kwamba siku hiyo tutalazimika kuurudia ule mwaka wote.

Nilivyofika kwa Mama Sara si habari ndefu. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, na yangu yalikuwa ya kukunja na kutia mfukoni. Yeye alikuwa mjane, mwanawe wa pekee kaolewa ng'ambo ya mpaka, akahitaji mtu wa kuchota maji na kumsaidia palizi. Nyumba yake ilikuwa juu ya Nanyala, huko Mbozi, mahali ambapo usiposikia malori yakibadilisha gia kwenye mwinuko unajua kuna ajali barabarani. Ilikuwa na vyumba viwili vya matofali ya kuchoma na stoo ambayo enzi za marehemu mumewe ilikuwa ya kahawa. Kahawa yenyewe ilikwisha zamani, ila harufu haikuhama. Ukiingia stoo ile kiangazi ilikupokea harufu ya magunia na maganda makavu, na Mama Sara alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni akivuta pumzi kidogo, halafu anaondoka bila kuchukua chochote. Nyuma ya nyumba lilianza shamba lake la mahindi, nalo liliishia kwenye kimsitu cha machifu, mahali walipozikwa wakubwa wa zamani. Hakuna aliyekata kuni mle. Miti ilikuwa mikubwa, majani yameoza juu ya majani, na udongo wake ulikuwa mweusi na laini, ukiukamata unabaki kiganjani kama ugali wa ulezi.

Tatizo lilikuwa shamba. Mahindi yalikuwa yanaota vizuri, yanafika magotini, halafu yanaanza kunywea mchana kama mtu aliyepata habari mbaya. Ukivuta shina linakuja lote bila kukubishia, kwa sababu mizizi haipo. Chini ya shina unamkuta mwenyewe, funza mweupe mnene, kichwa cha kahawia, amejikunja amelala kwenye shimo lake kama mtoto aliyeshiba. Misimu miwili mfululizo Mama Sara hakuvuna. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, tulimwita Baba Jofrey, alikuwa na vitalu vya milingoti, ile mikaratusi ya mbao, na wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa. Nilisikia maamuzi yao nikiwa stoo, napepeta maharage, maana ukuta ule haukufika juu. Baba Jofrey alikuwa anakunywa chai, namsikia akipuliza. "Shemeji, mimi sikufukuzi. Nyumba ni yako mpaka unaingia kaburini. Ila shamba haliwezi kukaa tu linalisha wadudu." Mama Sara akasema, "Msimu mmoja." Baba Jofrey akapuliza tena chai. "Sawa, msimu mmoja. Likigoma, naingiza miti." Halafu wakazungumza habari za kipaimara cha mtoto wa mtu, wakacheka vizuri kabisa, na alipoondoka Mama Sara alimfungia maboga mawili. Niliona ajabu wakati ule. Sasa sioni ajabu. Watu wengi wanaokuondolea kitu ni watu unaowafungia maboga.

Dada Zainabu alikuja masika yanaishia, na gari jeupe la mradi, akitafuta mahali pa kupanga penye kivuli na ubaridi kwa ajili ya kazi yake. Alitoka Tanga, alikuwa anasomea wadudu, na baridi ya Mbozi ilimtesa mpaka akawa analala na soksi na kofia. Stoo ikampendeza. Mama Sara alimpikia siku ya kwanza viazi vya kuchemsha na maharage, akamuuliza kazi yake ni ipi. "Natafuta minyoo, mama." Mama Sara akaacha kijiko. "Ya tumbo?" "Hapana, ya udongo. Wapo minyoo wadogo hata macho hayawaoni, wanaishi kwenye udongo wa msituni na bondeni kwenye majani. Wanamwingia funza, wanamuua, wanazaana humo humo ndani yake, wakimaliza wanatoka kutafuta mwingine." Mama Sara akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akauliza polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kuku wake, "Funza gani?" Na Dada Zai, ambaye alikuwa hajui chochote cha shamba wala cha Baba Jofrey, akajibu huku anamenya kiazi, "Funza yeyote wa kwenye udongo. Hata hawa weupe wanaokula mizizi."

Tangu siku ile nilikuwa fundi wake wa jembe. Tulichimba kimsituni, baada ya Mama Sara kutuombea ruhusa kwa wazee na sisi kuvua viatu, na tulichimba bondeni kwenye malisho ya ng'ombe. Kule bondeni tuliwakuta kina mama wanaochimba chikanda, vile viazi vidogo vya porini ambavyo Wazambia wanavipenda kufa, na wakadhani tumekuja kuwaingilia. Mmoja akapaza sauti, "Leo mmepata?" Dada Zai akajibu, "Tumepata udongo!" Wakaangua kicheko. "Utaupika na nini, mwanamke wa pwani?" "Na nazi!" Basi kila tulipopita ikawa ndiyo salamu yetu: udongo wa nazi umeiva? Nilikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Nilikuwa msichana asiye na cheti cha maana, lakini nilibeba udongo kwenye mfuko wenye jina la mahali ulipotoka, nikaona kama nabeba kitu kinachopumua.

Mtego wenyewe ulikuwa rahisi. Unajaza udongo kwenye kopo la plastiki, unaunyunyizia maji, unatia ndani viwavi wa masega, wale weupe laini wanaokula nta kwenye mizinga iliyochakaa. Tuliwapata kwa mzee mmoja mfugaji nyuki aliyefurahi sana kuwaondoa. Unafunika, unageuza kopo juu chini, unaliweka gizani, unasubiri. Ukifungua, ukimkuta kiwavi mzima, basi udongo ule hauna kitu. Ukimkuta amekufa na ananuka, hiyo ni ajali nyingine. Ila ukimkuta amekufa, amelegea, hanuki, na ngozi yake imegeuka rangi ya tofali la kuchoma, hapo Dada Zai alikuwa anapiga makofi kama yuko harusini. Kazi ile ilikuwa inafurahia kifo, na mimi nina moyo wa ajabu, nilikuwa nawaomba viwavi radhi kimoyomoyo kabla ya kufunika. Dada Zai aliniona midomo ikicheza. "Unawasomea nini?" Nikasema, "Nawaaga." Hakunicheka. Toka hapo aliningoja nimalize ndipo alipofunika.

Udongo wa bondeni ulitupa kidogo, tena mara moja moja. Udongo wa kimsitu cha machifu ndio uliojibu. Kopo baada ya kopo, viwavi wekundu. Tukawalaza juu ya karatasi yenye unyevu, karatasi juu ya kisosi kilichopinduliwa, kisosi ndani ya sahani yenye maji kidogo, na baada ya muda minyoo wakaanza kutoka na kushuka majini. Kwa macho ya kawaida ilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Dada Zai akanipa lenzi yake, akaniambia nielekee dirishani. Nikaona nyuzi, nyuzi nyingi zisizohesabika, zinajinyonga na kupunga, zinaandika na kufuta. Mama Sara naye akaja na mikono yenye unga, akainama akaangalia kwa muda mrefu. Aliponyanyuka alisema, "Kumbe wazee wetu wana jeshi." Akarudi jikoni, nikamsikia anaimba.

Mpaka leo najiuliza kama ni vizuri mtu kuonyeshwa kitu kama kile halafu aishi maisha ya kawaida. Nasimama hapa nauza makopo, mteja anauliza lipi linaua haraka, namwonyesha. Nikiwa peke yangu nawaza nyuzi zile. Niliota mengi mwaka ule. Niliota stoo nzima imejaa sahani, Mbozi yote inakuja na ndoo, mimi nimevaa koti jeupe lenye jina langu mfukoni. Nilimwambia Dada Zai nikiwa nakoroga uji, na yeye akasema, "Na Mama Sara tutampa cheo gani?" "Mwenyekiti." Mama Sara akadakia kutoka nje, "Mwenyekiti anataka chumvi!"

Kiangazi kilipokomaa, gari jeupe likaja kumchukua. Mradi ulikuwa umefika mwisho, na miradi haina kawaida ya kueleza. Dada Zai alilia kuliko sisi. Aliniachia lenzi na sahani, akanielekeza mbele ya Mama Sara, akirudia rudia: jua ni adui yao, ni viumbe wa kivuli, msiwafungie muda mrefu bila hewa, mvua zikianza, udongo ukishalowa, wamwageni jioni. Akasema pia jambo moja ambalo Mama Sara alilishika kuliko yote. Wakikubali mahali, wanaweza kukaa miaka, wachache wachache, wanangoja funza mwingine. Tukaendelea kuwalea, mimi na Mama Sara tu. Tuliwapa kila kiwavi aliyepatikana, mpaka nyuki wa yule mzee wakahama na mizinga yake akaichoma kuni, tukawa hatuna tena cha kuwalisha. Tukavuna wote waliokuwepo tukawatia kwenye chupa moja kubwa ya kioo iliyokuwa ya achari, tukaiweka sakafuni kwenye baridi ya stoo. Mvua ikanusa nusa, ikapiga siku moja usiku, ikakata. Tulikuwa mlangoni kabisa mwa msimu wa kupanda.

Kwetu kule mbegu isiyoombewa haiingii ardhini. Kila mwaka kabla ya kupanda kuna Jumapili ya kubariki mbegu, watu wanakuja na vikapu vya mahindi na maharage, majembe yamefungwa vitambaa, na kwa sababu vikapu ni vingi ibada inafanyika nje, mbele ya mlango wa kanisa. Mama Sara akatoka chumbani amevaa kitenge chake cha Krismasi, kikapu cha mahindi kichwani, na chupa mkononi ameizungushia khanga. Nikasema, "Mama, hawa si mbegu." Akasema, "Wanaingia ardhini au hawaingii?" "Wanaingia, lakini jua, Mama. Dada alisema." Akanionyesha khanga. "Nimewavisha. Atu, mwanangu, mimi sijawahi kupanda kitu bila kukipeleka kwa Mungu, na mwaka huu ndio nianze?" Niliona pia jambo ambalo hakulisema. Baba Jofrey angekuwepo, ukoo ungekuwepo, na yeye alitaka wote waone kwamba bado anapanda.

Mimi nilikuwa kwaya, nimesimama mstari wa nyuma upande wa pili wa uwanja. Mzee wa kanisa alikuwa anapanga vikapu kwenye meza ndefu juani, akaipokea chupa kwa heshima, na kwa kuwa mchungaji alisema tufunue mbegu zetu Bwana azione, naye akaifunua. Khanga ikakunjwa vizuri, ikawekwa pembeni. Nilimwashiria Mama Sara kwa macho na kwa kidevu, yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Kiongozi wa kwaya akanikazia jicho. Chupa ilikuwa inang'aa katikati ya mahindi kama taa. Mchungaji alipoifikia akauliza ni nini, akaambiwa ni dawa hai ya shamba la mjane, akaguswa. Alikuwa mtu wa huruma sana yule baba. Akaweka mkono juu ya mfuniko, akawaita wajane wote waje mbele, akaomba kwa ajili ya mashamba yao, na ya watoto yatima, na ya wote wanaopanda kwa machozi. Watu wakaitikia, wengine wakalia. Hata Baba Jofrey aliitikia amina, tena kwa sauti. Sijawahi kusikia maombi mazuri kama yale. Yalikuwa marefu kwa sababu yalikuwa ya upendo, na jua la kabla ya mvua halikuwa na wingu hata moja. Chupa iliporudi mikononi mwetu ilikuwa ya moto kama birika la chai.

Jioni ile ikanyesha kweli, mvua ya kushiba, na watu wakasema maombi yamejibiwa. Kabla ya kumwaga, nilichukua tone nikaenda nalo dirishani na lenzi. Walio hai wanajinyonga. Wale walikuwa wamenyooka, mmoja mmoja, kama sindano zilizomwagika. Nilisogeza tone, nikalipuliza, nikasubiri. Nikasema, "Mama, wamenyooka." Alikuwa ameshika ndoo na jani la mgomba la kunyunyizia, amejifunga kiuno. "Wamelala," akasema. "Ibada ilikuwa ndefu. Hata mzee wa zamu alilala, nimemwona." Nikarudi kwenye lenzi, nikaangalia tena. "Mama, nadhani wamekufa." Akasimama, maji ya mvua yakimtiririka usoni kutoka kwenye paa. Halafu akasema, kwa upole kabisa, kama mimi ndiye niliyefiwa, "Haya. Tuwamwage hivyo hivyo. Waliombewa." Tukapita mstari kwa mstari, yeye ananyunyizia mimi nabeba ndoo, mpaka shamba likaisha na giza likaingia.

Mahindi yalifika magotini. Nilikuwa naamka kabla yake kwenda kuyaangalia, nikayaona yamesimama, nikaanza kuota upya, maana mimi nikipewa nafasi ya ukubwa wa tundu la sindano napitisha ndoto. Halafu kwenye jua la mchana mmoja yakanywea. Mama Sara alivuta shina moja tu, hakuvuta la pili. Baba Jofrey alikuja na miche ya milingoti kwenye mkokoteni, akapanda kwa utaratibu, akamwachia kipande cha ardhi cha kupanda mboga karibu na jiko. Siku hiyo Mama Sara alipika ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, akawapelekea wapandaji pale pale shambani. Alinawisha hata mikono ya shemeji yake. Mimi niliondoka mwishoni mwa mwaka ule kuja Tunduma. Kila nilipokwenda kumsalimia nilimkuta amekaa kwenye kiti kifupi akitazama miti inavyopanda, na kila mara aliuliza lile lile: "We mtoto, unadhani walibaki hata wachache?" Nami namjibu, "Wanabaki, Mama. Dada alisema." Akitikisa kichwa kukubali anarudia, "Wanangoja."

Dada Zai alisikiliza yote haya akiwa juu ya mfuko wa mbolea. Yeye naye mradi mwingine haukuja, akazunguka na vyeti, sasa anashughulikia makaratasi ya mizigo ya watu mpakani. Akasema, "Twende tukamsalimie." Tukaenda. Kaburi liko kwenye kile kipande cha mboga, na milingoti imefika mpaka karibu yake, myembamba, mirefu, imekausha hata majani yaliyokuwa yanaota chini. Kimsitu cha machifu kimebaki nusu, wazee waliokiogopa, wengi wamekufa. Hatukusema tulichokuja kufanya. Dada Zai alitoa kijiko cha bustani kwenye mkoba wake wa ofisini, mimi nikatoa kopo nililolibeba kutoka dukani, tukachimba kati ya mistari ya miti, pale pale yalipokuwa mahindi. Udongo ulikuwa mkavu wa kijivu. Tuliporudi Tunduma, muuza asali wa hapa sokoni akatupatia masega mabovu yenye viwavi. Nikawaaga, na Dada Zai akaningoja nimalize. Kisha tukafunika, nikaliweka kopo chini ya kaunta, juu chini, gizani, nalinyunyizia maji kama mtu anayelea.

Leo nimelifungua. Dada Zai alikuwa kwenye simu, kelele za honi nyuma yake, ananiuliza, "Wamekufa? Atu, niambie, wamekuwa wekundu?" Nilimwaga udongo juu ya gazeti nikawatafuta kwa kidole. Wengine wamejisokotea nyuzi kwenye ukuta wa kopo, wanene, wanacheza. Mmoja alikwisha kugeuka nondo, akapita mkononi mwangu akaruka. Nikasema, "Wote wazima, Dada." Kwenye simu honi ziliendelea. Yule nondo alikuwa ametua kwenye rafu, juu ya kopo la sumu, sawasawa na ile picha ya mdudu, anafungua na kufunga mabawa taratibu, mzima kabisa.